Mnara wa Baba, Dari za Mwana: Kuzisoma Ngome za Nizwa, Bahla na Jabrin

Anayeondoka Maskati alfajiri kwenda kuzitazama ngome za Omani ya ndani huwa na siku moja, barabara moja na majengo matatu mbele yake: Nizwa, Bahla na Jabrin. Wenye magari ya watalii wameipanga safari hiyo mpaka imepata umbo lisilobadilika. Unafika Nizwa soko likiwa bado lina watu, unapanda mnara, unakula, unapita Bahla jua likiwa utosini, unamalizia Jabrin, kisha unarudi mjini jioni. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 400. Mtu anabaki na picha nyingi za kuta zenye rangi ya udongo, na akizitazama wiki inayofuata hajui ipi ni ya wapi.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Majengo hayo matatu hayafanani hata kidogo. Kila moja lina namna yake ya kumpokea mtu, kumpitisha, kumchelewesha, na kumwonyesha kile kilichokusudiwa kuonekana. Wahakiki wetu wanaposoma utenzi au tamthilia wana desturi nzuri ya kuuliza fani imefanya kazi gani katika kuyabeba maudhui. Swali hilohilo linafaa kuulizwa mbele ya ukuta. Ni nani aliyekusudiwa kutishwa hapa? Mgeni anaona nini kwanza, na anafichwa nini mpaka dakika ya mwisho? Ukiuliza hivyo, Nizwa na Jabrin hutoa majibu mawili yanayopingana, na ubishi huo ni wa baba na mwana.

Baba ni Imamu Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaarubi. Mwana ni Bil'arab bin Sultan, aliyemrithi. Kulikuwa na mwana mwingine, Seif bin Sultan, ambaye msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anamjua kuliko hao wawili, kwa kuwa chini ya utawala wake Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwezi Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Tutamkuta Seif huko Jabrin, naye hata huko atakuwa nje ya ukuta, amezingira.

Kabla ya kuuacha mji mkuu inafaa kusimama kidogo Maskati ya kale, palipo na ngome za Jalali na Mirani. Wareno walizijenga katika miaka ya 1580 juu ya majabali mawili, huku na huku ya ghuba ndogo, na zote mbili zimeelekea maji. Ni kazi ya watu waliofika kwa merikebu na wanaomhofia mwenye merikebu kubwa zaidi. Mwaka 1650 Sultan bin Seif aliwatoa Wareno Maskati, ngome zao zikawa mikononi mwa Waomani. Nalitaja hili mapema kwa sababu wako wanaoutazama mnara wa Nizwa wakidhani umekuwa mviringo kwa vile wajenzi wake hawakuzijua ngome za pembe za Kizungu. Walizijua vizuri. Walikuwa wamezivunja milango na kuingia.

Barabara inaelekea kusini-magharibi kupitia bonde la Sumail, mwanya mkubwa wa asili unaoikata milima ya Hajar na kuunganisha pwani na bara. Kwa karne nyingi kila aliyetaka kupanda na jeshi au kushuka na tende alipita humo. Juu ya vilima kuna minara midogo ya walinzi, na chini yake mashamba ya mitende. Gari linakwenda mbio mno kwa mtu kuyasoma hayo, lakini jambo moja halimpiti hata abiria anayesinzia: kila penye kijani pana mnara karibu. Katika nchi hii maji ndiyo yaliyokuwa yakilindwa. Mifereji ya falaji, inayoleta maji kwa mteremko mdogo kutoka chini ya milima, ndiyo iliyoamua watu wakae wapi, na ngome zikafuata. Mitano kati ya mifereji hiyo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, mmoja ukiwa Falaji Daris wa Nizwa.

Mnara wa Nizwa ulijengwa katikati ya karne ya 17, na simulizi za wenyewe zinasema kazi ilichukua miaka 12. Kimo chake ni karibu mita 30, lakini upana wake unazidi hapo, na katika uwiano huo ndimo ilimo hoja ya kwanza ya jengo. Minara mingi hutaka kuonekana mirefu. Huu umetaka kuonekana mzito. Umeketi katikati ya mji kama mtungi uliojaa, na ukiukaribia kutoka sokoni hauoni dirisha la kukutazama wala pambo la kukukaribisha, ila ukuta unaopinda kuondoka machoni pako. Ukuta wa pembe una mwanzo na mwisho, na jicho hupata pa kushika. Ukuta wa mviringo haukupi pa kuanzia. Hiyo ni hila ya fani, na inafanya kazi hata leo kwa mtu asiye na silaha.

Sehemu kubwa ya chini ya mnara huo haina vyumba. Imejazwa udongo na mawe mpaka karibu nusu ya kimo chake, na juu ya kifusi hicho ndipo palipowekwa jukwaa la mizinga. Sababu ya kiufundi iko wazi. Katika zama za baruti ukuta mtupu hupasuka kwa risasi ya mzinga, na jukwaa tupu hutikiswa na mzinga wake wenyewe unapofyatuliwa. Kifusi kinameza mishindo yote miwili. Ila kwa msomaji wa fani matokeo yake ni mazito zaidi: Nizwa ni jengo ambalo ndani yake hamna ndani. Ni mlima uliotengenezwa kwa mikono, ukapasuliwa njia moja tu, nayo ni ngazi.

Ngazi hiyo ndiyo utungo wenyewe. Ni nyembamba, inapanda katika kigiza, na kila baada ya hatua chache inakunja ghafla upande mwingine. Katika kila kona pana mlango wa mbao nene. Milango ni saba. Juu ya kila mlango kuna tundu darini, na kutoka katika tundu hilo walinzi walimmwagia adui mafuta au asali ya tende iliyochemshwa. Mbele ya milango kulikuwa na mashimo yaliyofunikwa kwa mbao, na mbao zikiondolewa hatua iliyofuata ilikuwa ya mwisho. Leo mashimo hayo yamezibwa ili wageni wasidhurike, lakini bado unayavuka na bado unayahisi miguuni.

Tazama mpangilio unavyofanya kazi. Kona, mlango, tundu, shimo. Tena kona, mlango, tundu, shimo. Ni kibwagizo kinachorudi mara saba, na kila kinaporudi maana yake inabadilika, kwa sababu aliyefika mlango wa nne amekwisha kujua kinachomngoja mlango wa tano. Taharuki katika hadithi ya kawaida hutokana na kutojua kitakachotokea. Hapa inatokana na kujua. Mjenzi alielewa kwamba askari anayepanda katika giza nyuma ya wenzake waliokwisha kuunguzwa anaweza kushindwa kabla hajafikiwa na silaha yoyote, na akaipanga ngazi imfanyie kazi hiyo.

Hiyo asali ya tende nayo isipitwe haraka. Katika ngome hizi kuna chumba kiitwacho madbasa, chenye sakafu ya mifuo. Magunia ya tende yalipangwa juu ya mifuo hiyo mpaka darini, uzito wa yale ya juu ukayabana ya chini, na asali ikatiririka kwenye vijito mpaka kwenye mtungi. Ni kitu kilekile alichokula mtoto kwa mkate asubuhi. Ngome haikuwa na ghala moja la chakula na jingine la vita. Kwa jicho la uhakiki hili ni jambo la kupendeza kabisa: kifaa kimoja kimepewa kazi mbili zinazopingana, na jengo halikuona haya wala halikuona ajabu.

Mwisho wa ngazi ni mwanga. Unatokea kwenye uwanja wa mviringo, ulio wazi juu, umezungukwa na ukuta mrefu wenye vidirisha vya mizinga pande zote. Watalii hapo hushusha pumzi, hutafuta ngazi nyingine ndogo za kupanda ukutani, na hupiga picha ya kuba la msikiti na mitende. Ni kweli mandhari ni mazuri. Lakini nawasihi wasimame kwanza pale katikati, chini, wasipande. Yule aliyeshinda milango yote saba angetokea hapohapo, akiwa amechoka, macho yakiwa yamezoea giza, na kumzunguka kote juu ya kuta wangekuwapo watu wanaomtazama kutoka juu. Ushindi wake ungemleta katika kisima. Hiki ndicho kituo cha utungo wa Sultan bin Seif: kwamba hata adui akishinda, jengo lina neno moja zaidi la kusema.

Nani huyo adui? Ni mtu wa nje. Kila kipengele kinamchukulia kuwa yuko chini, anapanda, hajui njia. Linganisha na Ngome ya Yesu, iliyochorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati na kuanza kujengwa mwaka 1593. Buruji zake zimechongoka ili kila ukuta uweze kulindwa kwa risasi kutoka ukuta wa jirani. Hakuna upembe ambapo adui anaweza kujibanza asionekane. Mombasa ulinzi wote uko kwenye ngozi ya jengo, katika hesabu ya pembe. Ukiingia ndani umeingia, uko uwanjani. Nizwa imeuhamishia ulinzi kwenye utumbo. Inamruhusu adui aingie kisha inamsaga njiani. Sioni kwamba moja ni la kisasa na jingine ni la kale. Ni namna mbili za kufikiri, na la Nizwa linafaa mahali pasipofika merikebu, ambapo vita vingi vilikuwa vya kuviziana na kuzingirana baina ya watu waliojuana.

Uimara wake ulipimwa baadaye sana. Katika vita vya Jabal Akhdar, mwezi Julai 1957, ndege za Uingereza zilizishambulia ngome za Omani ya ndani, Nizwa ikiwamo, na mnara haukuanguka. Kijiji cha Tanuf, mwendo mfupi kutoka Nizwa kuelekea Bahla, hakikuwa na bahati hiyo. Kilibomolewa kwa mabomu katika vita hivyo, na magofu yake ya udongo yamesimama mpaka leo mdomoni mwa bonde: matao ya milango isiyo na nyumba, kuta zilizoyeyuka kwa mvua hadi zimepoteza pembe. Magari mengi ya watalii hayasimami. Laiti yangesimama dakika kumi tu. Tanuf ndipo mahali panapoonyesha wazi udongo ukiachwa peke yake hufanya nini, na bila kuona hilo mtu hawezi kuisoma Bahla ipasavyo.

Bahla ni utungo usio na mtunzi mmoja. Watawala wa Nabahani, waliotawala Omani ya ndani tangu karne ya 12 hadi mwisho wa karne ya 15, ndio waliopafanya pawe makao makuu yao, lakini ngome ya Hisn Tammah imeongezwa na kukarabatiwa na watu wa zama mbalimbali, hawa wakijenga juu ya hawa. Msingi ni wa mawe, sehemu kubwa ya juu ni ya matofali ya udongo yasiyochomwa. Ukuta wa mji, wa urefu wa kilomita 12 hivi, hauzungushi ngome peke yake. Unazungusha mitende, mashamba na nyumba za watu. Msomaji wa pwani atalikumbuka jina la Nabahani kutoka Pate, ambako masultani wa ukoo huo walijinasibu na Nabahani wa Omani. Wanahistoria wanabishana juu ya lini hasa walifika Pate, na ubishi huo hautamalizwa kwa kutazama kuta. Ila atakayesimama Bahla akiwa amewahi kusimama kwenye magofu ya Pate atapata jambo la kulifikiria.

Fani ya Bahla ni ya kulimbikiza. Hakuna njia moja kama ile ya Nizwa. Kuna ngazi zinazoishia kwenye ukuta, vyumba vinavyoingiana, nyua tatu nne ambazo hujui ipi ni ya mbele na ipi ni ya nyuma. Dari ni za magogo ya mitende, na kwa kuwa gogo la mtende haliwezi kubeba upana mkubwa, vyumba vyote vimekuwa vyembamba na virefu. Anayezijua nyumba za mawe za Lamu analielewa jambo hili mara moja, maana kule urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na adabu nzima ya kukaa ndani ya nyumba ikafuata kipimo hicho. Mti umetia mizani, na mjenzi ametunga ndani ya mizani hiyo.

Bahla iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, eneo la kwanza la Omani kupata nafasi hiyo, na mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikakaa humo hadi 2004. Historia hiyo inaonekana mwilini mwake. Kuta nyingi sasa zimekandikwa upya, laini, rangi moja. Wapo wanaolalamika kwamba ngome inaonekana mpya mno. Mimi nadhani lalamiko hilo linatokana na kuisoma nyumba ya udongo kwa kanuni za nyumba ya mawe. Ukuta wa udongo haukukusudiwa kuzeeka mbele za watu. Ulikusudiwa kukandikwa kila mvua zinapopita, na mkono wa aliyekandika mwaka huu ni sehemu halali ya kazi sawa na mkono wa aliyejenga. Ukitaka udongo usioguswa, uko Tanuf. Ninacholalamikia Bahla ni kingine: usawa. Mafundi wa zamani walitofautiana, ukuta huu ukawa na vidole vya huyu na ule wa yule, na ukarabati wa pamoja umeyafanya mapokeo mengi yaseme kwa sauti moja. Mahali pazuri pa kulibaini hilo ni kwenye kuta za nje za mji, ambako vipande havijafikiwa bado, na tabaka zinaonekana kama zilivyowekwa.

Vyumba vingi vya Bahla ni vitupu. Hamna mikeka, mitungi wala vibao vingi vya maelezo. Baadhi ya wageni hutoka mapema kwa sababu hiyo. Kwangu utupu huo ni neema, maana Nizwa imepambwa kwa maonyesho na maelezo kiasi kwamba mtu anaweza kupita jengo zima akisoma ubao baada ya ubao asiyaone mawe. Bahla inakulazimisha usome kuta.

Sasa Jabrin, na hapa ningependa tukae. Kasri hili lilijengwa katika miaka ya 1670, na mwenyewe ni Bil'arab, mwana wa mjenzi wa Nizwa. Alipokuwa Imamu baada ya baba yake kufariki mwaka 1679, aliuhamishia utawala hapo kutoka Nizwa. Limesimama kwenye uwanda, mbali kidogo na milima, halina kilima cha kulikweza. Kwa nje ni mstatili mkubwa wa kuta tupu wenye minara miwili ya mviringo kwenye pembe mbili zinazotazamana. Aliyetoka Nizwa atadhani anaujua mtindo huu. Haujui.

Ndani, jambo la kwanza linalobadilika ni mahali pa kutazama. Nizwa ilikufanya utazame miguuni kwa hofu ya shimo, na juu kwa hofu ya tundu. Jabrin nayo inakufanya utazame juu, lakini juu kuna dari zilizochorwa: maua, mizabibu inayojisokota, mistari ya kijiometria, rangi nyekundu na nyeusi juu ya mbao. Matao ya ngazi yana maandishi na nakshi zilizochongwa kwenye lipu. Kuna vidaka ukutani, vitakavyomkumbusha msomaji wa Lamu zidaka za ndani kabisa ya nyumba, mahali pa kuwekea vitabu na vyombo vya thamani. Juu kabisa kulikuwa na vyumba vya madrasa, kwa kuwa Bil'arab aliwapenda wanazuoni na aliwakalisha kasrini. Baba alilitumia tundu la dari kumwaga moto. Mwana ameitumia dari kuandika.

Chumba kinachosifiwa kuliko vyote ni kile cha Jua na Mwezi. Madirisha yake ni 14: saba chini, saba juu. Hewa baridi iliyo nzito huingia kwa madirisha ya chini, hewa ya moto hupanda na kutokea kwa yale ya juu, na chumba kinapumua chenyewe bila pangaboi. Wengi huishia kwenye sifa hiyo ya ufundi. Mimi ningeongeza kwamba saba na saba ni mpangilio wa ubeti: mishororo miwili inayolingana, wa chini unaleta mwanga wa uwanja, wa juu unaleta mwanga wa mbingu, na kwa kuwa jua linasogea, mwanga huo haukai mahali pamoja hata saa moja. Nizwa ni jengo lililo sawa mchana na usiku. Chumba hiki kimetungwa kwa kutumia muda.

Lakini mtu asitoke hapo akidhani Jabrin ni kasri la amani. Kuna ukumbi mwingine, uitwao wa ulinzi, ambamo Imamu alikutana na watu asiowaamini. Chini ya ukumbi huo kuna maficho ya askari, ili neno likiharibika watokee mara moja. Fikiri muundo huu unamaanisha nini. Adui hapa hapandi ngazi ya giza. Amepokelewa mlangoni, amesalimiwa, ameketishwa chini ya dari nzuri, amepewa kahawa na tende. Hofu imewekwa chini ya busati. Huyu ni adui anayejua njia, tena ana haki ya kuingia: shekhe wa kabila, mjumbe, jamaa. Baba alijenga jengo la kumzuia mgeni. Mwana alijenga jengo la kumkaribisha mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kumkatalia, na akajiandaa kwa hilo.

Kwa nini? Sehemu ya jibu iko katika siasa ya uimamu wenyewe. Katika mapokeo ya Ibadhi imamu huchaguliwa kwa elimu na uchaji wake, na uongozi si mali ya nyumba. Bil'arab alikuja baada ya baba yake, na kwa hatua hiyo uimamu ulianza kufanana na ufalme. Misikiti ya Kiibadhi ya zamani ilijulikana kwa usahili, haina makuu. Jabrin ina makuu, na kila ua la dari ni dai. Linasema: hapa pana nyumba ya kutawala, itakayorithiwa. Na mara tu kiti kinapokuwa cha kurithiwa, hatari inahama kutoka kwa Mreno kwenda kwa ndugu. Sidai kwamba Bil'arab aliyafikiri haya kwa maneno hayo. Nasema jengo limeyafikiri, limeyaweka kwenye mpangilio wa vyumba, nasi tunaweza kuyasoma humo.

Historia ilikuja kuthibitisha. Seif bin Sultan alimwasi kaka yake, akamzingira Jabrin. Bil'arab alifia humo mwaka 1692, katikati ya kuzingirwa, na kaburi lake limo ndani ya kasri, sehemu ya chini. Maficho ya ukumbini hayakumsaidia, kwa sababu Seif hakuingia kuketi. Alikaa nje na kungoja, na dhidi ya mtu anayengoja, dari zilizochorwa hazina la kufanya. Miaka minne baadaye, mwezi Machi 1696, jeshi la Seif lilianza kungoja nje ya ukuta mwingine, huko Mombasa, likangoja mpaka njaa na maradhi vikawamaliza waliomo.

Ndiyo maana naukataa mpango wa siku wanaopewa wageni, au angalau mpangilio wake. Kuipita Bahla mchana ni kumdhulumu mtu na jengo. Udongo uliokandikwa unataka mwanga wa ubavuni, wa asubuhi, unaotoa kivuli kwenye kila mfuo. Jua la saa saba linaufuta ukuta wote. Tena kuanza na Nizwa kisha kurudi nyuma karne kadhaa Bahla, halafu kuruka mbele Jabrin, kunavunja mtiririko wa baba na mwana kwa kuingiza babu katikati. Afadhali kuondoka Maskati mapema zaidi, kuipita Nizwa bila kusimama, kuanza na Bahla jua likiwa changa, kisha kurudi Nizwa kupitia Tanuf, na kuupanda mnara mchana, kwa kuwa ngazi yake ina giza saa zote na mchana hauipunguzii kitu. Jabrin iwe ya mwisho, saa za alasiri, wakati madirisha ya Jua na Mwezi yanafanya kazi yaliyotungiwa. Kuna kwenda na kurudi kwa kilomita za ziada. Zinastahili. Tahadhari ni moja tu, kuangalia saa za kufungwa, hasa siku ya Ijumaa. Hiyo ndiyo siku ya mnada wa mifugo wa Nizwa, unaofanyika asubuhi, na anayeutaka mnada itambidi aiache Bahla kwa siku nyingine. Mtu wa Zanzibar au Mombasa asishangae mwenyeji akimjibu kwa Kiswahili: familia nyingi za Omani ya ndani zimeishi Afrika Mashariki, na nyingi zilirejea baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na baada ya mabadiliko ya utawala Omani ya 1970.

Siku moja inatosha kwa baba na mwana mkubwa. Haimtoshi Seif. Kaburi lake liko Rustaq, ngome iliyo upande wa pili wa milima ya Hajar, na karibu na hapo iko Al-Hazm, kasri la mwanawe, Sultan bin Seif wa pili. Njia ya Rustaq kutoka Maskati inafuata uwanda wa pwani wa Batinah kabla ya kukata kuingia bara. Anayetaka kujua aliyeizingira Mombasa alilala wapi, na mwanawe alijifunza nini kutokana na Jabrin, ajipangie asubuhi nyingine.